"Anajitia Tu": Historia ya Maradhi ya Kujitia Maradhi



Kuna neno moja tunalitumia sana wanawake tunapowasema wanawake wenzetu: "Anajitia." Mke wa fulani kalala na kichwa, anajitia. Bi harusi kaanguka ukumbini, anajitia. Wifi kapelekwa hospitali mara ya tatu mwezi huu, huyo naye anajitia, anataka mumewe amuonee huruma.

Na mimi nimelisema. Nilikuwa na msichana nikimfundisha kushona. Kila mwezi siku mbili tatu haji, na akija hujikunja juu ya cherehani kama mtu aliyepigwa. Vipimo vya mwanzo vikatoka salama. Siku moja, huku nakata kitambaa mbele ya wateja, nikasema kwamba maradhi yake yanazijua siku za kazi nyingi. Watu wakacheka. Yeye akaacha kuja. Baadaye ndugu zake wakampeleka Dar es Salaam, akakutwa na maradhi ya kweli ya kizazi, tena ya muda mrefu. Nilikwenda kwao kumtaka radhi. Alinisamehe, Mungu ambariki, lakini kwangu hakurudi tena.

Tangu siku hiyo swali moja halikunitoka: hivi wapo kweli watu wanaojitia maradhi? Nikaanza kusoma. Jawabu ni kwamba wapo, na madaktari wanalihesabu jambo hilo kuwa ni maradhi yenyewe. Lakini historia yake ina somo la pili, zito kuliko la kwanza, na ndilo lililonifanya nikae niwaandikie leo.

Jina lilianza kwa kumsingizia mtu

Maradhi haya kwa miaka mingi yaliitwa kwa jina la Munchausen. Wengi wakilisikia hudhani Munchausen alikuwa mgonjwa wa kwanza, au daktari. Hakuwa hata kimoja.

Hieronymus von Münchhausen alikuwa bwana mmoja wa Ujerumani, alizaliwa mwaka 1720 katika mji wa Bodenwerder. Ujanani alitumikia jeshi la Urusi na kupigana na Waturuki. Aliporudi kwao alipenda kukaribisha wageni, na baada ya chakula akiwasimulia visa vya vita na uwindaji kwa chumvi nyingi, kama wanavyofanya wazee wetu barazani wakisimulia papa waliyemvua zamani. Kila anayesikiliza anajua kuwa papa yule anarefuka kila mwaka, na hakuna anayemwita mzee mwongo.

Mwaka 1785 Mjerumani mwingine, Rudolf Erich Raspe, aliyekimbilia Uingereza baada ya kuiba vitu vya thamani alivyokabidhiwa kuvitunza huko kwao, alichapisha kitabu kidogo kwa Kiingereza. Akakijaza visa vya ajabu na kumtia bwana yule mdomoni kana kwamba ndiye aliyevisema vyote. Jina lake mwenyewe Raspe hakuliweka. Kitabu kikaenea Ulaya nzima, na bwana yule akawa kichekesho. Alikasirika sana. Alikufa mwaka 1797 akiwa ameshajulikana duniani kama mfalme wa waongo, kwa maneno ambayo mengi hakuyasema.

Na kujitia ugonjwa? Hakuwahi. Kwa hivyo jina la maradhi haya, tangu siku ya kwanza, lilibeba kusingiziwa. Litie akilini hilo, tutalirudia.

Daktari wa London, mwaka 1951

Zaidi ya miaka 150 baadaye alikuwepo daktari mmoja London akiitwa Richard Asher, wa hospitali ya Central Middlesex. Mwaka 1951 aliandika makala katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Alieleza habari za wagonjwa ambao karibu kila daktari alishakutana nao, ila wachache waliwahi kuwaandika.

Mgonjwa wa namna hii huingia hospitali usiku, hali yake inatisha, na maelezo yake yamepangika vizuri mno. Tumbo lake lina makovu ya kupasuliwa mara nyingi, yamepitana huku na huku. Anapasuliwa tena, hakuna kinachoonekana. Halafu siku moja anagombana na wauguzi, anavaa nguo zake na kuondoka. Baada ya wiki yuko hospitali nyingine, kwa jina jingine na kisa kingine. Asher aliwagawa makundi matatu: wa tumbo, wa kutokwa na damu, na wa kichwa na kifafa. Kwa kuwa watu hawa walisafiri sana na kusimulia mambo yasiyokuwepo, akawapa jina la yule bwana wa visa.

Wakati wenyewe nao una maana. Mwaka 1948 Uingereza ilianzisha matibabu ya bure kwa watu wote. Mtu aliweza kuingia hospitali yoyote bila kulipa, na hakukuwa na kompyuta ya kumwonyesha daktari wa Leeds kwamba huyu jana alikuwa London. Mlango ulikuwa wazi na kumbukumbu ziko kwenye makaratasi.

Kutega, kuumwa na kujitia

Hapa shoga zangu tuende polepole, maana ndipo tunapochanganya.

Kuna mtu anayetega. Anasema anaumwa ili asiende kazini, asipelekwe jeshini, au alipwe fidia. Huyo anajua anachokitaka, na akishakipata anapona. Huo ni ujanja, si maradhi.

Kuna mtu ambaye mwili wake unauma kweli, anaanguka kweli, na vipimo havionyeshi kitu. Hadanganyi. Huzuni, hofu au dhiki imepata njia ya kutokea mwilini. Wanawake wengi walioolewa kwenye nyumba ngumu wanalijua hili bila kusomeshwa na mtu.

Na kuna huyu wa tatu tunayemzungumzia. Anajua kwamba anadanganya. Anaweza kupasha moto kipima joto, kutia damu kwenye mkojo, kumeza dawa zisizomhusu, kuchokonoa kidonda kisipone. Lakini hatafuti pesa wala likizo. Anachotaka ni kuwa mgonjwa: alazwe, ashikwe mkono, aulizwe "umeamkaje leo?" Kitendo anakijua, ila kinachomsukuma mara nyingi hakijui wala hawezi kukizuia. Ndiyo maana mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaingiza mambo haya katika kitabu chake kikubwa cha maradhi ya akili. Mwaka 2013 kitabu hicho kikayagawa mafungu mawili: anayejitia maradhi mwenyewe, na anayemtia mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo katika orodha yake mpya, iliyoanza kutumika mwaka 2022, limefuata mgawanyo huohuo.

Maisha yanavyoliwa kidogo kidogo

Kuna kisa cha mwanamke mmoja wa Scotland kilichoandikwa magazetini mwaka 1999, naye mwenyewe alikubali kukisimulia. Utotoni alidhalilishwa. Alipokuwa msichana alilazwa kwa maradhi ya kweli, na muuguzi mmoja akamfanyia upole ambao hakuwahi kuuona kwao. Miaka ikapita, maisha yakawa magumu na ya upweke, akaikumbuka hospitali. Akaenda akasema tumbo linamuuma. Wakampokea.

Akaendelea hivyo kwa miaka kama 12. Alilazwa mamia ya mara, hospitali hadi hospitali, nchi hadi nchi, na akafanyiwa operesheni zipatazo 42, karibu zote za bure. Hebu yatazame maisha hayo. Hakuna kazi inayodumu. Hakuna jirani anayemjua vizuri, maana akijulikana tu lazima ahame. Hakuna rafiki, maana rafiki angeuliza maswali. Na mwili uliokuwa mzima unageuka mgonjwa wa kweli, kwa sababu kila kisu kinachoingia kinaacha kovu ndani na nje. Alikuja kuacha mwenyewe, baada ya operesheni moja kumharibikia nusura afe.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Baada ya miaka mingi ya kuishi vizuri, tumbo likamuuma tena, na safari hii kweli. Madaktari wakafungua faili lake, wakaona historia yake, wakamrudisha nyumbani. Ikabidi asafiri hadi Marekani kwa daktari aliyekuwa akiwasiliana naye, bingwa wa maradhi haya. Huko ndiko alikopimwa kama mgonjwa mwingine yeyote, akakutwa na saratani ya utumbo, imekua sana. Alikufa mwaka huohuo wa 1999.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Huyu alidanganya kweli, hakusingiziwa. Na bado jina alilopewa, hata baada ya kutubia kitendo chake, ndilo lililomfungia mlango siku alipokuwa mkweli.

Mwaka 1977: pale anayeumia ni mtoto

Sasa tuje kwenye fungu la pili, linalomhusu kila mama.

Mwaka 1977 daktari wa watoto wa mji wa Leeds, Roy Meadow, aliandika katika The Lancet habari za watoto wawili. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 6. Mkojo wake ulikuwa na damu kila mara, akapitishwa kwenye vipimo na dawa nyingi za kuumiza, kumbe mama yake ndiye aliyekuwa akitia damu kwenye mkojo unaopelekwa kupimwa. Wa pili alikuwa mtoto mdogo ambaye mara kwa mara chumvi ilizidi mno mwilini, na mama ndiye aliyekuwa akimpa. Mtoto yule alikufa na miezi 15.

Watu hawakutaka kuamini. Mama? Anayekesha kitandani, anayewaletea wauguzi chai? Lakini ni kweli. Baadaye madaktari wengine huko Uingereza walitumia kamera za siri katika vyumba vya hospitali kuwachunguza watoto 39 waliokuwa na dalili za kutia shaka. Kamera zikaonyesha kuwa wengi wao walikuwa wakidhuriwa na mzazi, wengine wakizibwa pumzi.

Kwa hivyo asije mtu akasema jambo hili ni hadithi ya Wazungu. Lipo. Watoto wamekufa kwa ajili yake, na aliyelifichua alifanya kazi kubwa. Roy Meadow akawa bingwa, akapewa heshima na serikali, na mahakama zikawa zinamwita kila mama anaposhtakiwa kumdhuru mwanawe.

Nguo mbili za jora moja

Sally Clark alikuwa mwanasheria Uingereza. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alikufa ghafla mwezi Disemba 1996, akiwa na wiki 11. Wa pili akafa Januari 1998, akiwa na wiki 8. Hakushtakiwa kwa kuwatia watoto maradhi, alishtakiwa kwa kuwaua. Lakini shahidi aliyeitwa ni yuleyule Meadow, na fikra iliyomhukumu ni ileile: mama huyu anayelia huenda ndiye mwenyewe.

Meadow aliiambia mahakama kwamba katika nyumba kama ile, vifo viwili vya ghafla visivyo na sababu hutokea mara moja katika nyumba milioni 73. Alifikaje hapo? Alichukua uwezekano wa kifo kimoja, ambao ni mmoja katika 8,543, akauzidisha kwa wenyewe.

Mimi si mtu wa hesabu, nilichosomea ni ushonaji. Lakini kosa hili hata fundi cherehani analiona. Ukishona nguo mbili kutoka jora moja, ya kwanza ikichuja rangi, utashangaa ya pili nayo ikichuja? Rangi ni ileile, kitambaa kilekile. Hesabu yake ingekuwa sawa kama nguo zingetoka majora mawili tofauti. Watoto wa tumbo moja, damu moja na nyumba moja ni nguo za jora moja. Kama familia ina udhaifu wa kurithi, uliomgusa wa kwanza unaweza kumgusa wa pili. Na kuna kosa jingine: jambo kuwa nadra hakumfanyi mama kuwa muuaji, maana mama kuwaua watoto wawili nako ni nadra sana.

Mwezi Novemba 1999 alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa ameshazaa mtoto wa tatu, akaachishwa naye. Gerezani wafungwa wenzake walimwita muuaji wa watoto. Mwaka 2001 chama cha wataalamu wa takwimu cha Uingereza kilitoa tamko kwamba hesabu ile haina msingi. Baadaye ikagundulika kuwa kulikuwa na majibu ya maabara ya mtoto wa pili yaliyoonyesha vijidudu mwilini mwake, na majibu hayo hayakuwahi kufikishwa kwa mawakili wa mama huyo. Januari 2003 mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Mwaka huohuo mama mwingine, Angela Cannings, naye akaachiwa baada ya kufungwa kwa vifo vya wanawe wawili.

Meadow alifutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka 2005. Mwaka uliofuata mahakama ikamrudisha, ikisema alikosea lakini hakukusudia ubaya. Inawezekana ni kweli hakukusudia. Sally Clark alikufa mwezi Machi 2007, na umri wa miaka 42, kwa ulevi. Watu wake walisema hakuwahi kupona aliyopitia.

Na sisi je, barazani kwetu?

Shoga zangu, hatuhitaji kwenda Uingereza kujua tuhuma inamfanya nini mwanamke. Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha Ifki. Bibi Aisha, radhiya Llahu anha, alichelewa nyuma ya msafara kwa kutafuta kidani chake, na Madina nzima ikasema. Karibu mwezi mzima aliumwa na kulia mpaka Allah mwenyewe alipomsafisha kwa aya za Surat Nnur. Waliosema hawakuona kitu. Walisikia, wakaongeza, wakapeleka. Ikiwa Mama wa Waumini hakusalimika na ndimi, sembuse binti wa watu anayejikunja juu ya cherehani?

Dini yetu haikutuambia tufumbe macho. Imetuambia tuwe na uhakika. Ukiwa na mtu nyumbani na huelewi maradhi yake, mwambie daktari ulichokiona kwa macho yako, faraghani: alikula nini, alianguka saa ngapi, alikuwa na nani. Unachokidhani kibaki kwako. Madaktari wenyewe wakilishuku jambo hili hutazama mengi kwa pamoja: kisa kinachobadilika kila siku, vipimo visivyolingana na maneno, hali inayozidi kila anapotaka kuruhusiwa, mtu kukataa faili lake la zamani lisiombwe. Hata hayo yote si ushahidi mpaka wahakikishe.

Ikiwa anayeumia ni mtoto, na umeona kwa macho yako anapewa kitu cha kumdhuru, hapo usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mbea. Mwambie daktari au nenda kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Uhai wa mtoto haungoji.

Na ikithibiti kwamba mtu wako kweli anajitia maradhi, kumuumbua mbele za watu hakumponyi. Atahama tu, kama yule wa Scotland. Kinachosaidia zaidi ni kubaki na daktari mmoja anayemjua, asichomwe sindano wala kupasuliwa bila sababu, na azungumze na mtaalamu wa akili. Tuache pia kuitaja Kidongo Chekundu kwa kejeli kila tukigombana. Ni hospitali, na watu wanapona. Sisi wa nyumbani tuna dawa moja rahisi: tumjali siku alizo mzima. Tumpigie simu siku ambayo hakuna homa, tumkaribishe chai siku ambayo hakulia. Mtu akipata huruma akiwa mzima, haja ya kuitafuta kitandani inapungua.

Yule msichana wangu siku hizi anashonea nyumbani kwao. Juzi nilimpelekea vitambaa vya wateja wa Idi, maana kazi zilinizidi. Aliniambia, "Dada, siku zangu zikifika nitachelewa kidogo." Nikamwambia achelewe atakavyo.

Allah atusitiri aibu zetu, azihifadhi ndimi zetu, na awaponye wagonjwa wetu wote, wanaoonekana kwenye vipimo na wasioonekana. Amin.